Kukata si kugawa: Historia ya hisabati ya kutenganisha picha

Vitenzi 'kukata' na 'kugawa' vinakaribiana kimaana, ila si kitu kimoja. Anayekata mkate anahitaji kisu tu. Anayeugawa lazima aangalie pia kila upande umepata nini. Tofauti hii imewahi kuwatatiza hata wanahisabati.

Mnamo 1955, T. E. Harris na F. S. Ross wa Marekani waliandika ripoti ya siri kuhusu reli za Muungano wa Kisovieti. Walitafuta mahali ambapo pakikatwa, mizigo haifiki Ulaya Mashariki. Mwaka uliofuata, L. R. Ford na D. R. Fulkerson walichapisha uthibitisho kwamba kiasi kikubwa zaidi kinachoweza kupita mtandaoni ni sawa na mkato mdogo zaidi unaoutenganisha.

Sasa, reli na picha wapi na wapi? Picha ya kompyuta ni vitone viitwavyo pikseli. Chukulia kila pikseli kuwa fundo la wavu. Uzi kati ya mafundo mawili huwa mnene rangi zikifanana, na mwembamba zikitofautiana. Kumtenga mbuzi na nyasi ni kukata nyuzi nyembamba. Zhenyu Wu na Richard Leahy walitumia mkato mdogo zaidi kwa kazi hiyo mwaka 1993.

Lakini kisu hicho kilikuwa na kasoro. Kumega pikseli moja ya pembeni hukata nyuzi chache mno, hivyo ni rahisi kuliko kumzunguka mbuzi mzima. Basi kompyuta ikapenda makombo!

Dawa ilitoka kwa Jianbo Shi na Jitendra Malik wa Berkeley, mwaka 1997 na kwa ukamilifu 2000. Uzito wa nyuzi zilizokatwa ulinganishwe na uzito wa nyuzi zote zinazogusa kila upande. Kombo lina nyuzi chache, kwa hivyo mkato wake hugeuka ghali.

Kwa Kiingereza, mbinu zote mbili huitwa mkato. Je, nasi tufuate tu? La hasha. Ya 1993 ni mkato; ya Shi na Malik ina sura ya mgao. Tukiziita zote mkato, mwanafunzi wetu atakijua kisu asijue kilirekebishwa vipi.