Baruti na Karatasi Yake

Mtajie kijana wa mjini neno "baruti", mawazo yake yatakwenda kwenye vita, au kwenye sinema ya usiku. Mtajie mtu wa Somanga, huyo atafikiria samaki. Ndugu msomaji, tofauti hiyo ina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo kuna kitu kidogo ambacho waandishi wetu hukipita bila kukiangalia: karatasi. Kibali. Nani anaruhusiwa kushika baruti, na analipa kiasi gani ili aishike?

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari ya misafara. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu, na walikuja binadamu wenzetu wamefungwa minyororo. Kwenda bara zilikwenda nguo, shanga, bunduki na baruti. Siku hizo baruti ilikuwa bidhaa kama chumvi. Mwenye mali alinunua, asiye na mali alikaa bila. Hakuna aliyeulizwa karatasi.

Karatasi ililetwa na wakubwa wa Ulaya. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, walitia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Jambo jema, nani atakataa? Lakini ndani ya mkataba huohuo kulikuwa na vifungu vya silaha. Mwafrika asiuziwe bunduki za kisasa. Za gumegume na baruti ya kawaida ziuzwe kwa ruhusa tu, na baruti ikae katika ghala linalosimamiwa na serikali, isitoke bila kibali. Wajerumani walikuwa na sababu zao za kuupenda utaratibu huo. Mwaka 1888 watu wa Kilwa Kivinje waliwaasi, na watumishi wawili wa kampuni ya Kijerumani wakauawa pale. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa kwa sababu ya kupigana nao. Kwa mtawala wa namna hiyo, kibali cha baruti hakikuwa mapato tu. Kilikuwa ufunguo wa mlango, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Siku chache baadaye moto ulishuka hadi pwani, na Somanga, ambayo vitabu vya zamani huiita Samanga, ikachomwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro, si mbali na hapo. Chanzo cha Maji Maji kilikuwa pamba, kodi na viboko. Hilo tulisoma sote shuleni. Lakini hebu fikiri: watu wenye mikuki na magobore wanakabili bunduki za rashasha, na ufunguo wa ghala la baruti anao adui. Wakaahidiwa maji yatakayogeuza risasi kuwa maji. Anayewacheka ajiulize kwanza yeye angeshika nini.

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 Tanganyika ikatunga Sheria ya Baruti. Safari hii shabaha ilikuwa kazi: kupasua mawe, kuchimba migodi, kujenga barabara. Nchi changa haijengwi kwa sururu peke yake. Sheria ikaweka ngazi, na kila ngazi ina karatasi yake: leseni ya kuwa na stoo ya baruti, kibali cha kununua, kibali cha kuingiza nchini, kibali cha kusafirisha, na cheti cha mtu anayelipua. Karatasi hizo zina ada. Miaka mingi kazi hiyo ilikuwa chini ya idara ya madini, na leo inasimamiwa na Tume ya Madini.

Ada hiyo si mbaya, jamani. Mkaguzi anatakiwa aende kuona stoo ina kuta za namna gani, iko umbali gani na nyumba za watu, nani ana ufunguo. Kazi hiyo inagharimu. Tatizo letu liko kwingine: karatasi zote hizo zinaufuata mzigo mpaka mlangoni mwa stoo, na mpaka kwenye shimo la mwamba kama mtunza stoo ni mwaminifu. Asipokuwa mwaminifu, vijiti viwili vitatu hutoka gizani bila karatasi. Na vikishatoka, njia yao mara nyingi imekuwa moja. Baharini.

Uvuvi wa baruti ulianza kusikika katika pwani yetu kwenye miaka ya 1960, yaani wakati uleule sheria ilipokuwa mpya. Sheria ya uvuvi ya 1970 ikaupiga marufuku. Kwa hiyo elewa vizuri: mvuvi wa baruti hajakwepa ada. Hakuna dirisha ambapo angeweza kwenda kulipa, hata angekuwa na gunia la noti. Serikali inauza ruhusa ya kupasua mwamba wa nchi kavu. Mwamba wa baharini hauna bei.

Na sababu ipo. Baruti ikilipuka majini, mshindo hupasua kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki na kuvunja uti wa mgongo. Wengine huelea, wengine huzama, na wanaozama hakuna anayewaokota. Wachanga hufa pamoja na wakubwa. Matumbawe, ambayo ndiyo nyumba yao, hubaki kifusi, na kifusi hicho kinaweza kukaa miongo bila kuota tena. Mvuvi mwenyewe naye yumo hatarini. Utambi ukiwahi kidogo, mkono umekwenda.

Siku hizi utasikia watu wakisema: "Pandisheni ada, baruti iwe ghali, wataacha!" Mimi siafiki. Ada ikipanda, anayeumia ni mchimbaji mdogo wa mawe anayefuata sheria. Mvuvi wa baruti hanunui dirishani, ananunua uchochoroni. Tena wengi waliacha hata baruti ya kiwandani, wakachanganya yao kwa mbolea. Lakini kiwashio, kile kidude cha kuanzisha mlipuko, hutengenezwa kiwandani. Kimetoka kwa mtu mwenye leseni. Huyo ndiye wa kutafutwa.

Tumewahi kujaribu njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanajeshi wa majini waliingia kazini na milio ikapungua, walipoondoka ikarudi. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikaongeza ukali. Bado, Machi na Aprili 2015, watafiti waliopita na mashua pwani nzima wakiwa na vinasa sauti chini ya maji walithibitisha milipuko 318. Ilisikika pwani yote, ila karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Naam, karibu na mji mkubwa, karibu na polisi, karibu na soko! Kuanzia mwaka huo vyombo mbalimbali vya serikali viliunganishwa kikosi kimoja, vikawafuata wauzaji na mitandao yao, wala si mvuvi wa mwisho peke yake. Kufikia 2018 milio ilikuwa imepungua sana.

Funzo ninaloliona ni hili. Mjerumani alitoza karatasi ili ajue nani ana baruti, na alijua kweli, kwa sababu aliogopa. Sisi tulirithi karatasi, tukaongeza ada, halafu kwa muda mrefu tukasahau swali. Risiti inaonyesha kwamba fulani amelipa. Haionyeshi kiwashio kililipukia wapi. Kila kilichotoka stoo kingehesabiwa mpaka kilipolipuka, basi mlio wa kwanza Somanga ungekuwa na jina la mtu.

Wenzangu mnaoota kuandika riwaya, mnatafuta visa vya mapenzi na majambazi wa mjini. Vizuri. Lakini yupo mtunza stoo mmoja, ana mshahara mdogo na ufunguo mkubwa, na usiku kuna mtu anamgongea mlango. Mwandikeni huyo.