Machemba na wavulana wa Kiungani

Msomaji wa Lisekese, Masasi, akipanda kwenda Newala anaingia nchi iliyomkabili Mjerumani kwa wino pia, si kwa bunduki peke yake. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, kamishna wa Ujerumani, alimtaka Machemba, chifu wa Wayao aliyetawala kutoka Luagala, ateremke pwani kujisalimisha. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili. Haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yuko tayari. Kuwa raia wake, hapana. Yeye ni sultani katika nchi yake kama Wissmann alivyo kwake. Haji, mwenye nguvu na amfuate.

Wajerumani walimfuata, na kumpata hawakumpata. Mwaka 1899 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Barua hiyo hunukuliwa sana, na inastahili. Ila ni sauti ya mwenye ngome. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1887, kilitoka kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ya Kiungani, Zanzibar, na kutafsiriwa kwa Kiingereza na A. C. Madan. Wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa, wenzao wa wale ambao Askofu Steere wa misheni yao aliwaleta Masasi mwaka 1876. Wavulana hao hawana habari na Mjerumani. Mtawala waliyemjua ni yule aliyewateka na yule aliyewauza, na katika biashara hiyo machifu wa bara, Wayao wakiwamo, walikuwa na mkono wao. Nao wanaeleza bila makeke: nilikamatwa hapa, nikauzwa pale. Kwangu mimi ni shitaka zito kuliko la Machemba.

Ziko na sauti nyingine. Vita vya Majimaji, vilivyochoma misheni ya Masasi mwaka 1905, vilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Huyo aliandika mshindi akiwa keshajulikana, basi usimsome kama unavyomsoma chifu. Padri Yohana Abdallah, Myao, naye alisifu ukubwa wa watu wake kwa Kiyao, na kitabu chake kikapigwa chapa Zomba mwaka 1919 na mtambo wa serikali ya kikoloni yenyewe!

Walimu wa historia wa Masasi na Newala, isomesheni barua ya Machemba. Lakini siku hiyohiyo wapeni wanafunzi na habari za wavulana wa Kiungani.