Muganga ni nani? Sheria na wauguzi wetu wa Masisi na Walikale

Huku kwetu Masisi na Walikale, mtu akivaa koti jeupe anaitwa muganga. Awe daktari, awe muuguzi, jina ni moja. Mbele ya sheria lakini hawako sawa, na jambo hilo lilianza zamani.

Tarehe 19 Machi 1952, wakati wa Wabelgiji, ilitoka dekreti juu ya kazi ya kutibu. Anayetaka kutibu awe na diploma. Waganga wa kienyeji waliachwa waendelee kufuatana na desturi za watu wao, mradi wasivuruge utulivu. Sasa, Mkongomani angepata wapi diploma ya udaktari? Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 tu. Cheo cha juu kwake kilikuwa assistant médical: alisoma miaka mingi Léopoldville, alitibu, lakini chini ya Mzungu. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Majuma machache baadaye Wabelgiji wengi wakakimbia. Shirika la Afya Duniani liliwapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa wakamalize masomo ya udaktari. Na vijijini? Walibaki wauguzi.

Tarehe 1 Machi 1968 serikali iliunda Ordre des Médecins: daktari ambaye jina lake haliko katika daftari la Ordre haruhusiwi kutibu. Mwaka wa 1970 zikafuata kanuni za maadili ya kazi yao. Wauguzi, ambao ndio wengi, walingojea hadi 15 Julai 2016 ndipo sheria ikaunda Ordre yao. Miaka 48! Kwangu mimi, hapo Kinshasa ilitukosea. Kwani huku Itebero, Kibua, Pinga au Katoyi, anayempokea mama mwenye uchungu usiku ni muuguzi. Daktari yuko mbali, kwenye hospitali kuu, na njia ni tope, siku nyingine ni risasi.

Januari 2025 vita viliingia Masisi-centre, Machi vikafika Walikale-centre. Watu walikimbia na walichoweza kubeba kichwani, wauguzi pia. Nyumba ikichomwa, diploma inaungua pamoja na sahani. Muuguzi wa namna hiyo akifika kambini, kazi anaijua na wagonjwa wake wanamjua, lakini karatasi hana. Tapeli anayepiga watu sindano sokoni naye karatasi hana. Mkaaji aliyetoka kijiji kingine atawatofautisha namna gani?

Ndiyo maana daftari lina kazi. Jina lililoandikwa mahali pengine haliungui na nyumba. Ndugu wauguzi, mwenye diploma bado mkononi aende kujiandikisha sasa, na kopi aiache kwa mtu anayeishi mbali na hapa.