Gari la kujiundia: mkupuo, awamu na kiporo

Kuna magari yanayouzwa kabla hayajawa magari. Mnunuzi huletewa chasisi, bodi ya faiba, mikono ya suspensheni, mabomba ya breki, mifuko ya nati na boliti pamoja na kitabu cha maelekezo. Gari lenyewe analiunda yeye, gerejini kwake, jioni na mwisho wa wiki, kwa miezi na pengine kwa miaka. Biashara hii imestawi zaidi Uingereza na Marekani, na huko swali linalofuata mara tu baada ya bei ni hili: vipande vyote viletwe siku moja, au vije kidogo kidogo kadiri kazi inavyosonga?

Swali hilo linastahili makala ya istilahi, maana Kiswahili kina maneno manne yanayolichambua barabara, na kila neno lina matokeo yake kwenye mfuko wa mnunuzi. Kabla ya hayo manne, tulipe jina gari lenyewe.

Wengi wangekimbilia kusema "gari la kuunganisha". Kasoro yake ni kwamba kuunganisha magari ni msemo wenye mwenyewe tayari. Viwanda vya Thika na Mombasa huunganisha magari yanayofika kutoka nje yakiwa vipande, na gari likikamilika linapelekwa sokoni. Aliyekaza boliti zake ni mwajiriwa, na gari si lake. Hapa anayekaza boliti ndiye mmiliki. "Gari la vipande" nalo limependekezwa, lakini msikilizaji atadhani limevunjika. Mimi nachagua "gari la kujiundia". Kuunda ni kitenzi cha mafundi wa majahazi, kinachobeba kazi nzima tangu kiunzi hadi chombo kushushwa majini, na kiambishi -ji- kikikutana na kauli ya kutendea kinamweka mwenye mali palepale kwenye kazi. Vifaa vyote vilivyofungashwa pamoja ni "seti ya kujiundia". Lile gari kuukuu linalotoa injini, giaboksi na difu kwa ajili ya jipya, mafundi wetu wamekwisha kulipatia jina: ni gari la kuchinja. Sioni haja ya kulitafutia jina jingine la heshima.

Chanzo cha biashara hii Uingereza kilikuwa kodi. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alipoitoa Lotus Seven mwaka 1957, gari lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi, na vipande havikutozwa. Serikali ilikuwa na sharti lake: seti isiambatane na maelekezo ya kuunganisha. Inasimuliwa kwamba Lotus walimpa mteja maelekezo ya kulifungua gari hatua kwa hatua, naye akayafuata kuanzia mwisho kuja mwanzo. Kodi hiyo ilifutwa tarehe 1 Aprili 1973 ilipoingia VAT, na nafuu ya seti ikaisha. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuiunda Seven, na hadi leo mtu anaweza kuinunua ikiwa seti. Hamu ya kujiundia ilidumu kuliko sababu iliyoizaa. Wateja wa kawaida wa biashara hii ni watu wa mshahara, wanaodunduliza, na kwa ajili yao warsha nyingi ndogo za Uingereza zilianza kuuza seti vipande vipande.

Hayakuwa mazoea ya kila mahali. Bruce Meyers alipokuwa akiuza Meyers Manx, gari la mchangani, huko California katika miaka ya 1960, seti yake iliyouzika zaidi ilikuwa bodi ya faiba na vikorokoro vichache. Sakafu, injini, giaboksi na breki vilitoka kwenye Volkswagen Beetle iliyochinjwa, sakafu yake ikafupishwa na kuchomelewa upya. Seti ya namna hiyo huja siku moja tu, kwani hakuna cha kugawa. Swali letu huanza pale seti inapokuwa kubwa: kiwanda kinapotoa kila kitu mpaka waya na mazulia.

Sasa maneno manne.

La kwanza ni mkupuo. Wastaafu wa Tanzania wanalijua vizuri, kwa kuwa ndilo linalotumika kwenye mafao yao: kiasi kinacholipwa mara moja, kwa mkupuo. Seti ya mkupuo hufika yote kwa lori moja. Factory Five, kampuni ya Wareham, Massachusetts, iliyoanza mwaka 1995, hupeleka seti zake kamili namna hiyo: chasisi ikiwa imebebeshwa bodi yake juu, na ubavuni makasha yenye namba. Siku hiyo spana hazishikwi. Mtu huketi na orodha, akafungua kasha moja baada ya jingine, akahesabu mpaka washa za mfuko mdogo kabisa, akatia alama. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo inayookoa. Boliti isiyokuwemo ikigunduliwa siku ya kwanza ni barua moja kwa muuzaji. Ikigunduliwa mwezi wa nane ni ubishi wa nani kaipoteza.

Mkupuo una faida kubwa moja ambayo wanaoutetea hawaitaji vya kutosha: vipande vinaweza kujaribishwa pamoja kabla havijafungwa moja kwa moja. Chukua nguzo ya usukani na manifoldi ya ekzosi. Katika gari jembamba la umbo la Seven, vitu hivi viwili hupita jirani sana ubavuni mwa injini, na tofauti ya vidole viwili ndiyo inayoamua kama usukani utapita salama au utagusa chuma chenye moto. Mwenye vyote viwili mkononi anaegesha, anapima, anasogeza. Aliyeletewa usukani mwezi wa pili na ekzosi mwezi wa tisa ameshatoboa mashimo, ameshapaka rangi, na sasa anafungua upya kazi aliyodhani imekwisha. Kontena moja pia ni nafuu kuliko makontena matatu kwa mnunuzi aliye ng'ambo, na bei iliyolipwa leo haipandi kesho.

Hasara zake ni za kimya. Makasha ya gari moja lisiloundwa hutaka nafasi kubwa kuliko gari hilo likiwa limesimama. Chuma kisichopakwa rangi hushika kutu katika gereji yenye unyevunyevu wa Uingereza. Bushi za mpira na mipira ya mabomba huzeeka zikiwa ndani ya mifuko yake. Na dhamana ya pampu ya petroli huhesabiwa tangu siku ilipopokewa. Mwenye kujiundia polepole anaweza kuiwasha mara ya kwanza dhamana ikiwa imeshakwisha.

Neno la pili ni awamu, na hapa naomba msomaji awe makini. Awamu ni sehemu yenye ukamilifu wake na nafasi yake katika mfululizo. Watanzania huhesabu serikali zao kwa awamu, na hakuna awamu ya tatu iliyotangulia ya pili. Neno la tatu ni fungu. Fungu ni kiasi tu, kilichotengwa na kingine, kama fungu la nyanya sokoni. Halina wa kwanza wala wa mwisho. Muuzaji anayesema "tutakuletea kwa awamu" huku akimaanisha kwamba ataleta kilichopo ghalani wiki hiyo, huyo anauza kwa mafungu. Malalamiko mengi dhidi ya kuletewa vitu kidogo kidogo, ukiyachunguza, yanahusu mafungu.

Awamu halisi hufuata mkono wa fundi. Ya kwanza ni chasisi, suspensheni, usukani, breki na magurudumu, mpaka gari liweze kusukumwa. Hicho ni kituo kamili: gari linasogezwa kupisha nafasi, breki zinapimwa, mabomba yanafungwa yangali yanafikika kwa mkono. Inayofuata ni injini, giaboksi, rejeta, tangi na ekzosi, mpaka liwake. Kisha waya, taa, bodi, viti na vioo, ili lipelekwe kukaguliwa. Mtu anayejenga nyumba kwa kudunduliza anaelewa mantiki hii bila mwalimu: ananunua saruji na nondo za msingi, anasimamisha boma, anaezeka, na vioo anavifikiria baada ya paa.

Hata awamu nzuri ina mshono mbovu mahali fulani. Nimetaja usukani na ekzosi. Kuna pia vishikio vya waya vinavyopaswa kuchomelewa au kutobolewa kabla chasisi haijapakwa rangi, ilhali waya zenyewe ni za mwisho kufika. Muuzaji anayejua kazi yake humpa mnunuzi wa awamu michoro yote tangu siku ya kwanza, na hupeleka vipande vidogo vya mshono mapema, hata kama ni vya awamu inayofuata. Hatari nyingine ni toleo kubadilika katikati. Warsha ndogo hurekebisha muundo wake mara kwa mara. Chasisi ya mwaka jana ikikutana na bodi ya mwaka huu, mashimo hayaonani. Dawa yake ni namba ya toleo kuandikwa kwenye oda ya kwanza na kurudiwa kwenye kila oda baada yake.

Neno la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote: kiporo. Ni chakula kilicholala, na baadaye likawa mechi ya ligi iliyoahirishwa, na faili lililobaki mezani ofisini. Maana zote hizo zinashika jambo moja, kitu kilicho haki yako katika hesabu ambacho bado hakijakufikia au hujakimaliza. Hakuna neno linalofaa zaidi kwa kipande kilicholipiwa lakini hakimo kwenye makasha kwa sababu muuzaji bado anakisubiri kutoka kwa msambazaji wake. Seti za mkupuo huja na orodha ya viporo karibu kila mara, kwani kiwanda kinachotegemea wasambazaji kadhaa kwa nadra huwa na kila kitu kwa siku moja. Kwa hiyo ule unaoitwa mkupuo, kwa vitendo, ni mkupuo pamoja na viporo, na swali la kumuuliza muuzaji ni viporo gani. Kiporo cha taa ya nyuma hakisimamishi chochote. Kiporo cha kitovu cha gurudumu la mbele kinaiacha chasisi juu ya matofali kwa muda wote kitakaochelewa, hata kama makasha mengine yamejaa mpaka darini.

Kiporo kinatupeleka kwenye fedha, na huko ndiko ninakotoa hukumu yangu. Kampuni za magari ya kujiundia nyingi ni ndogo, na ndogo hufa. Hata zenye jina hazina kinga: Westfield, iliyoanza mwaka 1982 na kujulikana kote Uingereza, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwaka 2022. Kampuni ikifika hapo, aliyelipia vipande ambavyo hajavipokea anaingia kwenye msururu wa wadai wasio na dhamana, nyuma ya wadai wenye dhamana. Sheria ya mikopo ya wateja ya Uingereza ya mwaka 1974 inampa nafuu aliyelipa kwa kadi ya mkopo: kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, mwenye kadi anaweza kuidai kampuni ya kadi sawasawa na anavyomdai muuzaji. Aliyetuma fedha benki kwa benki hana kinga hiyo.

Mpango mbaya kupita yote, basi, ni kulipa kwa mkupuo na kupokea kwa mafungu. Huo unamfanya mnunuzi kuwa mkopeshaji wa warsha bila riba na bila dhamana. Mpango ninaouunga mkono kwa watu wengi ni awamu za kweli, kila moja ikilipwa wakati wake, mwenye kuunda akiwa na chasisi inayosukumika kabla hajatoa senti ya injini. Akikwama kwa ugonjwa, kwa kupoteza kazi au kwa kuishiwa hamu, anauza kitu kinachoeleweka, na amepoteza kidogo. Mkupuo nauacha kwa mwenye gereji kavu na pana, fedha kamili, muda wa kuunda mfululizo, na muuzaji anayeonyesha orodha ya viporo kabla ya kupokea malipo. Kwa aliye ng'ambo anayelipia kontena, mkupuo pia una hoja, mradi kontena lisifungwe mpaka viporo vikubwa vimeingia.

Mkupuo na awamu vyote vinaishia kwenye mlango mmoja. Uingereza, gari la kujiundia haliendi barabarani mpaka lipite ukaguzi wa gari mojamoja uitwao IVA, ulioanza mwaka 2009. Mkaguzi huangalia hata ncha za boliti: kingo za nje zinazoweza kumgusa mpita njia zinatakiwa ziwe zimeviringwa kwa nusukipenyo kisichopungua milimita 2.5, ndiyo maana magari haya huonekana yamevalishwa vikofia vya mpira kwenye nati. Na mamlaka ya usajili hutaka stakabadhi za vipande vikuu na picha za kazi. Mwenye mkupuo ana stakabadhi moja ndefu. Mwenye awamu ana nyingi, za tarehe tofauti, na ikipotea ya injini atahangaika kueleza ilikotoka. Azihifadhi tangu ile ya kwanza, pamoja na picha ya kila kasha siku lilipofunguliwa.

Msomaji unayefikiria kuagiza, mwombe muuzaji aandike kwenye mkataba vipande vya kila awamu kwa majina, namba ya toleo, orodha ya viporo na tarehe zake, na kwamba awamu haitalipiwa kabla ile iliyotangulia haijakamilika mpaka kiporo chake cha mwisho. Akikataa kuyaandika hayo, tafuta muuzaji mwingine.