Bwana wa sinema na ilimba ya Bagamoyo

Mwaka 1963 Waingereza walitoa sinema ya kuchekesha ya mambo ya kijasusi, wakaibandika neno letu: Call Me Bwana, yaani "Niite Bwana". Mchekeshaji Bob Hope anaigiza mtu anayesifiwa kuwa bingwa wa safari za Afrika, kumbe safari alizoziandika ni za mjomba wake. Serikali ya Marekani inamwamini, inamtuma huku kwetu akatafute chombo cha anga za juu kilichoanguka porini. Upande wa pili unamtuma Anita Ekberg, jasusi wa kike, amuwahi. Afrika yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilitengenezwa Pinewood, studio ya huko huko Uingereza.

Watayarishaji wake ni Broccoli na Saltzman, wale wale wa James Bond. Hata katika picha ya Bond iliyotoka mwaka huo huo, From Russia with Love, kuna adui anayejaribu kutoroka kwa dirisha lililo katikati ya tangazo kubwa la ukutani, na dirisha hilo liko mdomoni mwa Anita Ekberg. Tangazo ni la Call Me Bwana. Biashara haina aibu.

Leo nataka kuzungumzia muziki. Aliyetunga muziki wa Call Me Bwana ni Monty Norman, ambaye jina lake liko pia kwenye wimbo wa James Bond, ule wa gitaa ambao hata mtoto wa Manzese anaujua. Norman alieleza kwamba sauti yake aliitoa katika wimbo aliokuwa ameutunga zamani kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, uliotokana na riwaya ya V. S. Naipaul kuhusu Wahindi wa Trinidad. John Barry akaupanga upya, Vic Flick akaupiga gitaa. Baadaye gazeti moja la London likaandika kwamba mtunzi hasa ni Barry. Norman akaenda mahakamani, na mwaka 2001 akashinda, akalipwa fidia ya pauni 30,000. Alifariki mwaka 2022, na jina lake likabaki pale pale.

Kumbuka hilo tunapoifikia sinema nyingine yenye jina la Kiswahili, Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Hii haina majasusi, ina vichekesho na vifaru. Howard Hawks aliipiga hapa hapa Tanganyika, sehemu za Arusha, John Wayne akifukuza wanyama kwa gari. Muziki wake, wa Henry Mancini, ulitolewa kwenye santuri ndefu ya kampuni ya RCA Victor. Wimbo mmoja wapo unaitwa "Big Band Bwana". Mwingine, wa ndama wa tembo wanaokwenda kuoga, ulimpatia Mancini tuzo ya Grammy kwa upangaji wa muziki, na mpaka leo unapigwa duniani kote mahali popote penye tembo wa kuchekesha.

Mancini alisimulia kwamba Hawks alirudi Marekani na vyombo vya muziki kutoka safari hiyo: vibuyu, maganda makubwa ya mbegu ya kutikisa, na kile chombo cha kubonyeza kwa vidole gumba. Mancini akavitumia studio. Chombo cha vidole gumba ni jamaa wa ilimba, malimba, marimba ya mkono, kila kabila na jina lake. Fundi aliyekichonga hana jina katika masimulizi hayo. Aliyeleta chombo anatajwa, aliyekipigia studio alilipwa, na aliyepanga muziki akapata tuzo.

Mimi sina ugomvi na Mancini. Ule wimbo wa tembo ni mzuri, na yeye hakuficha vyombo vilikotoka. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kudhani kwamba kitu cha Afrika kimeota kama uyoga.

Shika njia ya Tegeta, Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo uone. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Hapo ndipo alipoishi na kufundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpaka alipofariki Desemba 2003. Ilimba yake ilikuwa sanduku la mbao lenye vyuma vingi vyembamba. Vingine hubonyezwa, vingine havibonyezwi kabisa, vinatetema vyenyewe vinaposikia vya jirani, na ndivyo vinavyoleta ule mvumo kama nyuki. Santuri yake Chibite ilitolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996, jina lake likiwa usoni.

Lakini hata kwenye ukoo huo, wanawake walikuwa nyuma, wanaitikia na kupiga ngoma za muheme. Ilibidi tungoje mwaka 2024 ndipo Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, watoe albamu yao Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Sauti hizo zilikuwepo miaka yote.

Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake kuna sehemu inayolinda sanaa za jadi. Ni jambo jema. Ila mahakamani Norman alikwenda na karatasi, na fundi wa ilimba karatasi hana. Kule Bagamoyo nilimwona mmoja akigonga vyuma vya ilimba ndogo za kuuzia watalii. Nikamuuliza kama huwa anaandika jina lake mahali popote, hata chini ya sanduku. Akacheka. Akasema wageni wanapenda chini paandikwe "Bagamoyo", basi yeye huandika Bagamoyo.