Chai Iliyopoa

Sisi wa Bariadi hatulimi chai, ni watu wa pamba. Chai ilipandwa Amani, Usambara, enzi za Wajerumani, na kilimo chake cha biashara kikaanza mwaka 1926. Kumbe si mila ya mababu!

Juzi mkaa uliniishia. Nikatia vijiko viwili vya majani kwenye lita moja ya maji ya kunywa, pamoja na ukwaju na tangawizi, nikafunika mtungi. Asubuhi nikachuja. Tamu, wala haina ukakasi.

Bibi akakataa. "Chai iliyopoa ni kumfukuza mgeni, mjukuu wangu."

Nikamwambia Wamarekani walikuwa na kitabu chenye maelezo ya chai ya barafu tangu 1879, na maonyesho ya St. Louis ya 1904 yakaitangaza zaidi. Akacheka. "Hao walikuwa na barafu. Sisi tulikuwa na jembe."

Eti kwao chai na sukari vilinunuliwa kwa hela ya pamba. Kikombe cha moto kilimwambia jirani kuwa mavuno yamelipa. Chai baridi, kwamba jiko limezimika.

Basi nikanyamaza. Lilikuwa limezimika kweli.

Akanywa nusu, kisha akanipa hela ya mkaa.