Jinsi Moyo Ulivyoanza Kupimwa kwa Mwendo

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza habari za moyo, na jinsi waganga walivyoanza kuupima kwa mwendo.

Moyo ni pampu ya kusukuma damu mwilini. Ukidhoofika, damu haifiki ya kutosha. Mtu huhema akitembea, na miguu huvimba. Lakini mgonjwa huyo akikaa kitini aweza kuonekana mzima, maana moyo umepumzika. Gari bovu halijulikani likisimama. Hujulikana likipanda mlima.

Mwaka 1929, mjini New York, Daktari Arthur Master aliwapandisha na kuwashusha watu ngazi yenye vipandio viwili, kisha akapima mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Baadaye Daktari Robert Bruce wa Seattle alitumia mashine yenye mkanda unaokwenda. Utaratibu wake wa mwaka 1963 huongeza kasi na mwinuko kila baada ya dakika 3. Mashine hiyo ni nzuri, lakini ni ghali, na mgonjwa dhaifu huenda asiiweze.

Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza waliwapima wagonjwa wa mapafu kwa kuwatembeza dakika 12. Muda huo ulichosha, hivyo mwaka 1982 wengine wakaonyesha kwamba dakika 6 zatosha. Mwaka 1985 Daktari Gordon Guyatt wa Kanada na wenzake wakakitumia kipimo hicho kwa wagonjwa wa moyo pia.

Vyombo vyake ni saa, kiti, na korido ya mita 30. Mgonjwa huenda na kurudi. Akichoka husimama, akipata nafuu huendelea. Kisha mita huhesabiwa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wasiofikisha mita 300 walikuwa katika hatari kubwa ya kufa au kulazwa kuliko waliopita mita 450.

Je, habari hizi zatuhusu? Ndiyo. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, mwaka 2012 na 2013, walichunguzwa wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Karibu 45 katika kila 100 waliugua kwa sababu ya presha.

Basi, mama au baba akianza kuhema njiani, msiseme, "Ni uzee." Mpelekeni hospitali. Mwambieni daktari: "Mwaka jana alifika sokoni bila kusimama, sasa husimama mara tatu." Maneno hayo yatamsaidia daktari. Lakini msimpime wenyewe nyumbani. Kipimo hicho ni kazi ya waganga.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini moyo hupimwa mtu akiwa katika mwendo?
2. Kipimo cha dakika 6 chahitaji vyombo gani?
3. Ukimwona mzee anahema njiani, utafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.